Sura Niliyompa Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa na miaka minne mama yake alipofariki kwa uzazi, na kitu pekee alichokumbuka kwake ni mgongo. Alibebwa kwenye mgongo huo kwenda kukata majani ya ng'ombe na kwenda mferejini kuchota maji. Alikumbuka joto lake na harufu ya moshi kwenye nguo. Uso hakuukumbuka hata kidogo. Picha haikuwepo, kwa sababu enzi hizo mpiga picha alikuwa mjini Moshi, na hakuna mwanamke aliyeshuka mlima kwenda kupigwa picha wakati kahawa inasubiri kuchumwa.

Siku ya harusi yetu kiti cha mama wa bwana harusi kiliwekwa, kikabaki wazi. Shangazi yake mume wangu aliombwa akikalie, akakataa, akasema hawezi kukalia nafasi ya wifi yake. Nilikaa kando ya kiti hicho mchana kutwa na shela langu na njaa yangu, na kila aliyekuja kutupa mkono alikizunguka kwa adabu, akihofia kumkanyaga mtu. Ndivyo nilivyotambulishwa kwa mama mkwe.

Mwaka uliofuata nikajifungua binti. Kwetu Uchaggani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo mtoto hajafikisha hata siku saba, jina la marehemu likarudi nyumbani. Baba mkwe akawa anamwita mjukuu wake "mke wangu", na mimi, kwa kuwa nimemzaa mkewe, akaniita mama mkwe. Mzee alikuwa mtani. Alikuja kila Jumapili baada ya misa kuulizia mke wake amekula nini, na mtoto alimjibu kwa madaha kama mtu mzima.

Jina likishaingia, watu huanza kuona. Mara mtoto ana paji la uso la bibi yake, mara anatembea kama yeye, mara amechukua hata ukaidi wake. Lisemwalo lipo, nikajiambia, ingawa mimi ni mtu mgumu wa kuamini na nilikuwa nawafundisha watoto wa darasa la nne wasiamini kila wanaloambiwa.

Nilikuwa pia nachora. Hilo nililipata chuo cha ualimu na halikunitoka. Mume wangu alikuwa fundi seremala, karakana yake ilikuwa nyuma ya jiko, na mimi nilichorea kwenye meza ya chakula tukishaondoa vyombo. Mkaa wa kuchorea niliuchoma mwenyewe: vijiti vya mti wa kahawa ndani ya kopo la maziwa lililofungwa sawasawa, kisha naliingiza kopo zima motoni. Mchoro ukikamilika, niliupulizia maziwa yaliyoenguliwa mafuta na kuchanganywa maji, kwa bomba la dawa ya mbu, ili mkaa usifutike. Wifi zangu, mabinti wa yule shangazi, walinicheka kwa kupulizia karatasi maziwa wakati kuna watoto.

Ulipofika mwaka wa kumi wa ndoa tuliamua padre aje atusomee misa nyumbani. Mitumba ndiyo kwanza imeanza kujaa sokoni, na nilikuwa nimejipatia viatu vya mwanamke fulani wa Ulaya vilivyonibana vidole. Mume wangu hakujali viatu wala mbuzi wa ndafu. Wiki sita kabla ya siku yenyewe aliingia jikoni na fremu ya mbao ya mgrivea, ameipiga randa mpaka inateleza, akaiweka mezani mbele yangu. Haikuwa na kitu ndani.

"Nataka mama awepo safari hii," akasema. "Wewe unaweza."

Ningesema siwezi, yasingetokea haya yote. Lakini mtu anayejua kitu kidogo hupenda kuombwa.

Nilianza kama polisi. Nilimfuata shangazi, akaniambia wifi yake alikuwa na uso wa duara na macho makubwa. Nikamfuata jirani aliyecheza naye utotoni, akaniambia uso ulikuwa mrefu na macho ya kulala. Mzee mmoja wa ukoo akashikilia kwamba alikuwa na mwanya, shangazi akasema mwanya ulikuwa wa mwingine. Baba mkwe, ambaye ndiye aliyelala naye nyumba moja, alinijibu maneno mawili: alikuwa na miaka ishirini na sita alipokufa, na nimwache apumzike. Nilichana karatasi tisa za manila. Ilibaki wiki moja.

Mchana mmoja binti yangu alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, mwanga umemwangukia upande mmoja wa uso. Nilimtazama, nikasema moyoni, kama kweli amemchukua bibi yake kila kitu, basi bibi yake si huyu hapa? Nikamchora. Kisha nikamwongezea miaka. Nikarefusha taya, nikatoa utoto mashavuni, nikamfunga kilemba, nikampa shingo ya mwanamke anayebeba mizigo kichwani. Kazi iliyonishinda wiki tano ilikwisha kabla maharage hayajaiva, na mkono ulikwenda bila kusita mpaka nikauogopa. Sikumwambia mtu nimemchora nani.

Siku ya misa picha iliwekwa juu ya kabati, mshumaa kando yake. Shangazi alipiga magoti akalia, akasema ni wifi yake mtupu, macho ni yale yale. Mwanya ukasahauliwa. Mume wangu alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaamkia kwa sauti ya chini: shikamoo mama. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na nane. Baba mkwe aliingia mwisho. Alivua kofia, akatazama, akaivaa tena, akaenda kukaa nje na wanywaji wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Padre akaombea roho ya marehemu huku amenyoosha mkono kuelekea uso wa mtoto wangu.

Nilitaka kupiga kelele, ila nilikuwa mwenye sherehe. Nikagawa vyakula.

Tangu siku ile mume wangu alimwamkia mama yake kila asubuhi kabla ya kwenda karakana. Alikuwa mtu wa kuzira na kununa, akaacha. Alipopata kazi kubwa ya kutengeneza vitanda alimweleza mama kwanza kisha mimi. Ningemwambiaje?

Binti yetu aliuliza mara moja tu, bibi alikufa na umri gani. Nikamjibu. Baada ya hapo hakukaa tena kwenye kiti kinachotazamana na kabati, alikaa kinacholipa kabati mgongo. Na mimi nikawa siwezi kumchora. Nilijaribu alipokuwa na miaka kumi na miwili, uso ukatoka wa mtu mzima. Nilijaribu siku ya kipaimara chake, amevaa gauni jeupe, nikajikuta nimemfunga kilemba. Karatasi ile niliitia jikoni nikachochea moto mpaka ikaisha. Nikikaa kwenye ile meza nilihisi kuna mwanamke mwingine amesimama nyuma ya kiti changu, mvumilivu, hana uso, anangoja nimalize mambo ya watu ili nimsikilize yeye. Naandika hivi nikijua wanafunzi wangu wa zamani watacheka. Wacheke.

Miaka ikaenda. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita vijijini na mizani zao, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, shangazi akafariki, kisha yule jirani na yule mzee wa ukoo. Binti akamaliza masomo ya uuguzi, akaletewa posa. Kwenye sherehe ya kumuaga, ile ambayo sasa kila mtu anaita sendofu, mpambaji alimfunga kilemba cha kitenge. Aliingia ukumbini, na wifi yangu mmoja akaniinamia sikioni, akanipongeza kwamba leo bibi mwenyewe amekuja. Nilicheka pamoja naye. Kisha nikahesabu miaka yake kwa vidole chini ya meza.

Akaolewa mjini Moshi. Baada ya mwaka mmoja na nusu akaja nyumbani na tumbo. Mila inataka mwanamke wa uzazi wa kwanza alelewe na wakubwa, ale mtori wa ndizi na siagi, anywe kisusio cha damu ya mbuzi, asiguse jembe miezi mitatu. Nilifurahi mpaka alipokaa kitandani, akakunja miguu, akaniambia kwa utulivu wa kinesi:

"Mama, nimefikisha umri wa yule bibi wa kabatini. Na tumbo ni lile lile."

Nilimkemea. Nikamwambia nesi mzima hasemi upuuzi. Kisha nikatoka, nikakaa kwenye kisiki kati ya migomba nikalia, maana nilikuwa nawaza hilo hilo tangu siku ya ukumbini. Nilikuwa nimemchukua mtoto wangu akiwa na miaka tisa, nikampeleka kwa mkono wangu mpaka kwenye umri wa kufa, nikamwacha hapo kwenye fremu, na watu wakamwombea kama maiti. Sasa alikuwa amefika.

Nilitaka kuichoma ile picha. Lakini kuichoma ni kumfanya mume wangu afiwe na mama mara ya pili, na safari hii angekuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka.

Mficha uchi hazai. Nikachuma jani la isale, yale majani tunayopanda mipakani na makaburini, ambayo Mchagga akiletewa na aliyemkosea hawezi kumfukuza. Nikalifunga fundo, nikapanda kwa baba mkwe saa tisa alasiri. Alikuwa amekaa uani anapasua kuni kwa panga, mzee wa miaka themanini. Nikapiga magoti, shikamoo baba, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Aliliangalia kwanza, kisha akanitazama mimi, utani wote ukamtoka. Akapokea.

Nikamweleza yote, kuanzia karatasi tisa hadi maharage. Nikamwambia nimemvisha mjukuu wake kifo cha mkewe. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza asiniite mama mkwe, "siku ile niliingia nikaona umemchora mtoto. Mke wangu hakuwa hivyo hata kidogo. Hata sikio hawafanani."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mwanangu wa kiume aliniuliza mama yake alikuwaje tangu ana miaka minne. Mimi sijui kuisema sura ya mtu. Nilikuwa nampiga akiuliza, maana nilikuwa na uchungu. Uliposimamisha ile picha akaacha kuniuliza. Ningeongea nini?"

Sikumbuki kama nilimshukuru. Ninachokumbuka ni kwamba niliteremka ule mteremko mbio, mwanamke wa miaka hamsini, kandambili mkononi. Hata sikio hawafanani! Nikamwambia binti yangu, mlango umefungwa, kwamba yule wa kabatini ni yeye mwenyewe, na bibi yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinitazama kama wagonjwa wanavyotazama daktari, akaweka mkono tumboni, akacheka, kisha akalia, kisha akaomba chai. Tulikubaliana baba yake asijue. Uchungu ulimchukua siku mbili hospitalini mjini, lakini alijifungua salama mtoto wa kike. Mtoto alichukua jina la mama wa baba yake, mwanamke aliye hai, mzima wa afya, anayeuza mitumba sokoni.

Kosa langu kubwa ndilo hili sasa. Yule mzee alikuwa tayari kusema. Alikuwa ameshika jani langu mkononi, mdomo umefunguka baada ya miaka hamsini, na mimi, kwa furaha ya kusikia wangu hafanani naye, sikuuliza basi yeye alikuwaje. Swali lenyewe lilinijia wiki ya tatu ya uzazi, nikiponda ndizi za mtori. Nikajiambia nitapanda Jumapili. Jumapili kukawa na wageni wa mtoto. Iliyofuata, mtoto akawa na homa ndogo. Nilipopanda hatimaye na karatasi na mkaa kwenye kikapu, chini ya chupa ya supu, mzee alikuwa amepooza upande mmoja. Niliuliza hata hivyo. Niliinama nikamuuliza, baba, alikuwaje? Macho yalinifuata, mdomo ukahangaika, haikutoka hata sauti. Nilimfuta mate nikamnywesha supu. Alifariki siku ya tatu.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, kando ya kaburi la mkewe, katikati ya migomba. Yule mwanamke asiye na uso alikuwepo, najua. Alisimama upande wa pili wa shimo, na nilimwonea aibu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu aliye hai.

Watu walipoondoka mume wangu alikaa nami sebuleni, bado amevaa koti la mazishi, udongo kwenye viatu. Alitazama kabati. Akanishika mkono, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa duniani tunaomjua mama tumebaki wawili," akasema. "Mimi na wewe."

Nikamjibu, ndiyo.