Keki Zilizofunuliwa Kabla ya Harufu Kufika Getini

Nimemvumilia mengi Mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu hapa Mkolani. Lakini alipochukua kitambaa changu, akainua sinia la mkaa juu ya sufuria ya keki ili apige picha, uvumilivu uliisha.

"Rudisha," nikamwambia.

"Mama Neema, nusu dakika tu. Wenzetu kwenye grupu wanataka kuona."

Akafunua ya pili. Akafunua na ya tatu. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu na mikono yote imejaa unga, la sivyo ile simu ningeitia kwenye mayai.

Wadogo zangu mnaoanza kuoka nyumbani, niwaeleze kwa nini lile lilikuwa kosa kubwa.

Kazi hii niliianza wiki ya pili baada ya kuolewa. Nina cheti cha kidato cha nne, na sikujua hata kuchekecha unga. Bosi wangu wa kwanza alikuwa mama mkwe. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi ndoo ya mchanga wa ziwa. "Osha mpaka maji yatoke safi." Ndiyo ilikuwa kazi ya siku ile, basi. Mchanga ule ndio jiko letu: unaukausha, unautandaza ndani ya sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye keki inakaa juu yake, unafunika kwa sinia lenye makaa. Moto wa chini kidogo, wa juu ndio mwingi. Samli ilitoka kwa wafugaji wa Usagara, tukaipiga na sukari kwa mwiko mpaka ikawa nyeupe. Halafu mayai, unga, maganda ya chungwa yaliyoparuzwa, iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo. Kipimo ni kikombe cha bati kilichokatika mpini.

Saa haitumiki. Keki ikishawekwa, mama mkwe anabeba kigoda chake, anaenda kukaa getini. Harufu ya iliki ikimfikia pale, anaita, "Imefika," na hapo ndipo unafunua. Ukitangulia, baridi inaingia na keki inabonyea katikati, hainyanyuki tena.

Nilimuuliza kwa nini asinusie jikoni kama watu wengine.

"Pua ya jikoni inadanganya," akasema. "Inashiba mapema."

Kituo cha pili kilikuwa hoteli moja mjini. Mpishi Mkuu alikuwa na oveni ya gesi yenye kioo. "Wewe wa mkaa," alikuwa akiniita, "hapa hatunusi, tunaangalia." Nikaangalia miaka miwili, nikajua biskuti na mapambo. Krismasi ilipokaribia, yeye mwenyewe akaniomba ile keki ya nyumbani. Alikula kipande amesimama, akafunga kingine kwenye karatasi akatia mfukoni. Mpaka leo sijapata cheti kingine cha maana kama kile.

Nilipojifungua niliacha hoteli, nikashika keki za Krismasi za jumuiya, zile watu wanazokula pamoja baada ya misa. Mama mkwe sasa macho yamefifia na magoti yamegoma. Mwiko haushiki tena. Kazi iliyobaki mikononi mwake ni ile ya getini, na hajawahi kukosea hata mara moja.

Siku ile ya kuoka keki za Krismasi, Mwenyekiti hakumsubiri aite. Keki tatu zikabonyea. Jioni akaandika kwenye grupu: "Keki zimeharibika, mapishi ya kizamani. Pasaka tutaagiza mjini." Jirani akamsomea mama mkwe kwa sauti, akidhani ni habari ya kawaida.

Mama mkwe akanigeukia. "Nilichelewa kuita?"

"Hukuchelewa, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Hukusubiriwa."

Akachukua kigoda chake, akaingia ndani. Nilipooka tena, kwa ajili ya Mwaka Mpya, kigoda kilibaki nyuma ya mlango. Nikasema hapana. Mtu anastaafu kwa hiari yake, au mwili ukikataa. Hastaafishwa na picha ya simu.

Nikaandika barua, nikampelekea Katibu wa jumuiya.

"Mama Neema, haya si ya kuongea tu?"

"Yeye aliandika, na mimi nimeandika. Nisainie kwamba umepokea."

Akasaini. Barua yenyewe ni hii:

"Kwa Katibu. Yah: Lalamiko dhidi ya Mwenyekiti wa akina mama. Mimi mwokaji wa jumuiya nalalamika kwamba Mwenyekiti alifunua keki tatu kabla ya wakati, nikimkataza, kisha akatangaza kwamba mapishi ndiyo mabaya. Keki ya nne, ambayo hakuifunua, iliumuka vizuri na yeye mwenyewe alikula vipande viwili. Naomba aandike ukweli kwenye grupu lilelile. Naomba pia aje nyumbani amwambie mama mkwe wangu kwa mdomo wake, kwa kuwa mama hasomi simu. Na Pasaka tukioka, naomba Mwenyekiti ndiye abebe kigoda mpaka getini, asimame hapo karibu na mama, asubiri mpaka aite, 'Imefika.'"