Ndefu Kiasi Gani?

Kazini walimwita Bi Kiasi Gani, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Alikuwa mlinzi wa faili moja tu ya kompyuta, ile inayoziambia programu zote za ofisi kila namba ikae kwenye baiti ngapi, yaani ichukue nafasi kiasi gani. Ole wake aliyeandika humo "namba ndefu" halafu akaishia hapo.

"Ndefu kiasi gani?" alikuwa akifoka. "Prosesa ya kompyuta za zamani inaipa baiti nne, ya hizi mpya inaipa nane. Data iliyoandikwa kule ikisomwa huku ni vurugu tupu! Andika nne au andika nane, usinizungushe."

Hata nyumbani hakuacha. Mumewe akisema anakuja sasa hivi, anaulizwa, "Sasa hivi ya dakika ngapi?"

Mchana mmoja mama yake alimpigia simu. "Mwanangu, utakuja lini kuniona?"

"Nitakuja karibuni, mama," alijibu, macho hayabanduki kwenye skrini.

"Karibuni kiasi gani, mwanangu? Maana ile ya mwaka jana bado naisubiri."