Wegesa Watatu, Wito Mmoja

Enzi zetu, nyie wenzangu mliozaliwa Uhuru ukiwa bado unanukia upya, ukisimama njia panda kule kwetu kati ya Bunda na Butiama ukaita "Wegesa!", ujue umejitafutia kazi. Ataitika msichana kisimani, ataitika mwingine kwenye pamba, na bibi kibogoyo atatoa kichwa jikoni akuulize unamtakia nini. Mtoto wa kike akizaliwa wakati wa mavuno alikuwa Wegesa, basi, hakuna kikao. Siku hizi wazazi wanachagua jina la mtoto kwenye simu kama wanachagua nguo ya mtumba.

Mimi lakini sikuzaliwa wakati wa mavuno. Nilizaliwa njaa imekaa, ghalani wamebaki panya, nao wamekonda. Mama aliniambia nililia kutwa nzima nakataa ziwa, wazee wanataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, mimi nazidi kupasua koo. Walipotaja Wegesa, mama yake baba, nikanyamaza, nikanyonya. Tangu hapo baba hakuwahi kuniita mwanangu. Aliniita mama. Asubuhi akitoka kukamua ng'ombe alikuwaga ananiinamia mimi, kitoto chenye makamasi. "Mama, umeamkaje?" Nami kwa maringo, "Nimeamka vizuri, mwanangu." Kaka zangu walichapwa kwa kila kosa. Mimi anichape nani? Utamchapa mama yako mzazi?

Ikaja ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Lori likaletwa, watu wakapakia vitanda, kuku na vibuyu. Mama yangu akang'ang'ania jiwe lake la kusagia mtama. Vijana wa lori wakamwambia, "Mama, mawe yapo hata huko." Akawajibu, "Mawe yapo, lakini yananijua mimi?" Jiwe likapanda. Tulipofika, wakati wa kushusha, likateleza likanichuna mguu kuanzia chini ya goti. Kidonda kile kilikaa miezi. Zahanati wakanipaka dawa ya zambarau, bibi jirani akaongeza majani yake, nzi nao wakaja kwa zamu. Ndivyo nilivyoanza shule ya kijiji kipya, nachechemea, mguu wa rangi mbili.

Shule yenyewe ilikuwa kuta za udongo tulizopiga wenyewe, bado zinanuka unyevu. Tulikalia magogo. Saa nne tulikunywa uji wa mtama, asiye na michembe ya viazi mfukoni anaimezea mate ya mwenzake. Wasichana tulicheza mdako mpaka kucha zinakatika. Halafu kengele, ambayo ilikuwa chuma cha trekta kimetundikwa, na ikilia unakimbia hata kama mguu umeoza.

Sasa kule kuunganishwa vitongoji kukatukutanisha Wegesa watatu darasa moja. Mmoja alikuwa mrefu kama nguzo, wa kule Butiama. Mwingine baba yake alitoka Kisorya akafuata kilimo cha pamba, lakini ziwa halikumtoka, kila siku mtoto wake alikuja na visamaki vya furu vilivyokaushwa kwenye jani. Wa tatu mimi. Mwalimu wetu, kijana wa mkoa wa mbali, alituangalia akacheka, akatugawia majina kama anagawa jembe: Wegesa Mrefu, Wegesa Furu, Wegesa Kidonda.

Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, mtoto ni mjinga. Jioni wenzangu wakapita nyumbani wakipiga kelele, "Wegesa Kidonda, twende kuni!" Baba alikuwa anachonga mpini. Akasimamisha panga hewani.

"Wamekuitaje?"

Nikarudia. Mama akaacha kusaga.

"Mama yangu alikufa ngozi yake nzima," baba akasema. "Sikumzika na kidonda. Mtu akitukanwa huko shuleni, shule hiyo si yake. Mwisho wa mwezi wakiwa bado wanakuita hivyo, mama, utabaki hapa na ng'ombe."

Baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Na mimi shule nilikuwa naipenda kama chumvi. Nilikuwa nimeshajua kusoma jina la kijiji kwenye kibao, na nilikuwa na sauti, mwalimu mwenyewe alisema sauti yangu inafika Musoma bila kupanda gari.

Kesho yake nikawaeleza wenzangu wawili tukiwa tunachuma pamba ya shule. Furu akalia, maana na yeye lilikuwa linamchoma, alikuwa ameshaanza kuwaficha samaki wake. Lakini aliyesema neno ni Mrefu, ambaye jina lake halikuwa na ubaya wowote. Alisimama na mfuko wake wa pamba tumboni akasema, "Kwetu wenye jina moja hawatukanani, na mmoja akitukanwa wote wameoga matope. Kuanzia leo akiita na hayo majina yake, hakuna anayeitika. Akiita Wegesa tupu, tunaitika wote."

"Na fimbo?" Furu akauliza.

"Fimbo inaisha. Jina linaisha?"

Basi mwalimu akaita, "Wegesa Kidonda!" Kimya. "Wegesa Furu!" Kimya, hata nzi walisikika. "Wegesa Mrefu!" Naye anaangalia dari ambayo haikuwepo. Akakasirika: "Wegesa!" Tukaruka watatu, "Abee, mwalimu!" Akatuchapa mikono watatu. Siku ya pili hivyo hivyo. Viganja vilivimba, jioni nikishika ugali nasikia moto, na mwezi unakwenda. Baba ananiangalia tu, haniulizi.

Ikafika siku ya mgeni mkubwa kutoka Musoma, kuja kutazama shamba la kijiji. Kijiji kizima kikajaa uwanjani, wanaume nyuma na fimbo zao, baba yangu kati yao. Ngonjera ilikuwa ya kuanzishwa na mimi, kwa ile sauti yangu. Mwalimu akatokwa jasho, kwa mazoea akaita, "Wegesa Kidonda, pita mbele!"

Miguu yangu ilitaka kwenda, nawaambia ukweli. Mgeni anangoja, kijiji kinangoja. Mrefu akanishika gauni kwa nyuma. Nikabaki.

"Wegesa Kidonda!"

Kimya. Mgeni akageuka kumtazama. Mwalimu akaita kwa upole ambao hatukuwahi kuusikia, "Wegesa."

"Abee!" Tukatoka watatu, tukajipanga, tukaisema ngonjera nzima kwa pamoja, mikono inapaa, mpaka bendera ikatikisika. Mgeni akacheka mpaka akavua miwani.

"Wewe mrefu, jina lako?"

"Wegesa, shikamoo."

"Na wewe?"

"Wegesa, shikamoo."

Alipofika kwangu hakuuliza, alisema tu, "Marahaba, Wegesa." Watu wakacheka. "Sasa mwalimu anawatofautishaje?"

Mrefu akajibu kabla mwalimu hajafungua mdomo: "Tuna baba zetu, mzee. Wamesimama pale nyuma."

Uwanja ulipiga makofi. Kesho yake asubuhi mwalimu aliita Wegesa binti Nyamhanga, Wegesa binti Mafuru, na mimi, Wegesa binti Magori. Tuliitika mmoja mmoja, kwa sauti ya kupasua kuta. Jioni baba alinikuta jikoni, akaniinamia. "Mama, leo nasikia umeitwa vizuri." Shule nilibaki. Niliiacha darasa la tano mama alipougua, lakini jina langu sikuliacha.

Mwaka jana Mrefu alifariki. Furu alikuja kutoka Kisorya, mimi nikatoka Nyasho, mjini Musoma, ninakokaa na mwanangu, tukakutana Butiama kaburini. Mchungaji aliposema, "Wegesa, pumzika," sisi vikongwe wawili tukaitika, "Abee!" Hatukupanga. Waombolezaji wakatutazama kama walevi. Mjukuu wangu aliyenibebea mkoba akaninong'oneza, "Bibi, kwani umeitwa wewe?"

"Nimeitwa. Na wewe umeitwa."

Maana na yeye ni Wegesa, baba yake alimpa jina langu. Lakini kwenye simu anaitwa Wendy, kanisani ana jina jingine, na marafiki zake wana lao ambalo mimi siwezi kulitamka bila kupiga chafya. Ananiambia, "Bibi, Wegesa ni la kizamani." La kizamani! Na hayo masikio uliyochomekea vidude ni ya lini?

Enzi zetu jina moja liliitikiwa na watu watatu. Leo mtoto mmoja ana majina matatu, ukimwita hata moja haliitiki. Nakaa uani jioni, mboga inachemka, naita, "Wegesa!" Majirani wa Nyasho wanacheka, wanasema bibi anajiita mwenyewe. Waseme. Mwalimu na fimbo yake alishindwa, sembuse simu? Nitaita kesho, nitaita keshokutwa. Na siku asipoitika, naitika mimi, halafu naita tena.