Mtoto Katumwa

Siku Stefania alipomrudisha mtoto wa mwenyekiti mikono mitupu, mtaa mzima wa Izia ulipata habari kabla mtoto mwenyewe hajafika nyumbani. Huku kwetu, kumnyima mtoto aliyetumwa dukani ni kumtukana aliyemtuma, tena hadharani. Mtoto akishasema katumwa, muuzaji hufunga kitu kwenye kipande cha gazeti, humpa chenji, humwambia asicheze njiani. Haulizi maswali. Sasa huyu mwanamke anauliza, na anayeulizwa ni mwenyekiti wa mtaa.

Coleta, binti wa miaka minane, alikuwa ameomba kwa adabu zote. Aliamkia, "Shikamoo bibi," akanyoosha hela, akataja sigara mbili za baba. Stefania akaitikia marahaba, akampa andazi, akamwambia amfikishie baba yake kwamba sigara zipo, aje azichukue mwenyewe. Hilo andazi nalo likawa kesi. Walisema anamhonga mtoto ili amdharau mzazi.

Kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo mjini. Anauza nyanya, chumvi, sabuni za kukata, dagaa wa Kirando na sigara. Hasira zake zinajulikana hadi mtaa wa Mazwi. Wateja wamezizoea kama walivyoizoea baridi ya Juni: unavaa sweta, unakwenda. Atakugombeza kwa kubonyeza nyanya, kisha atakuongezea moja. Lakini ile ya sigara haikuwa hasira ya nyanya, na watu walichelewa kulitambua hilo.

Miezi kadhaa nyuma, bibi afya wa kata, msichana mmoja aitwaye Jane, alipita kwenye maduka na vibanda akieleza kwamba sheria hairuhusu kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka kumi na minane. Wenzake Stefania waliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, na Jane alipokata kona wakaendelea kuuza. Katumwa, si zake. Stefania peke yake ndiye aliyeishika sheria. Wakasema anaogopa faini. Angekuwa mtu wa kuogopa faini tungepumzika.

Alizaliwa kijijini, upande wa Matai, nyumba ya wakulima wa mahindi na ulezi, watu wa kanisani. Baba yao hakuwa mtu mbaya, na hilo linamkera mpaka leo, maana angekuwa mbaya ingekuwa rahisi kumchukia. Jioni akitoka shamba alijifunika blanketi, akakaa nje ya nyumba, akasokota tumbaku kwenye karatasi, kisha akaunyoosha msokoto pembeni bila hata kugeuza shingo. Mtoto aliye karibu aliupokea. Hakuna aliyeambiwa afanye nini, kila mtu alijua.

Unakwenda jikoni, unachuchumaa kwenye mafiga. Tumbaku ukiigusisha tu kwenye kaa haishiki moto, inafuka na kuzima. Lazima mtu avute. Kwa hiyo mtoto anautia msokoto mdomoni, anainamia kaa, anavuta, anavuta tena, mpaka ncha iwe nyekundu, kisha anakimbia nao kwa baba. Ukizima njiani anarudi kuanza upya. Stefania alianza kazi hiyo kabla hajapelekwa darasa la kwanza. Alikohoa, machozi yakamtoka, na wakubwa wakacheka kwa mapenzi kabisa. Alipovunja ungo alikuwa na misokoto yake mwenyewe, ameificha kwenye banda la kuku.

Alipokua na kupewa kazi za kisichana, kuteka maji na kutwanga, kazi ya kuwasha ikamwangukia mdogo wake, Fabiani. Stefania ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha namna ya kukinga upepo kwa kiganja, na namna ya kuvuta kidogokidogo ili asipaliwe. Fabiani alishika somo haraka. Hata baba alimsifu.

Mwaka jana Fabiani alikufa kwa mapafu, ameacha watoto ambao hawajamaliza shule. Mwishoni hakuweza kutembea toka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Stefania alimuuguza, na hata siku hizo za kumuuguza alitoka nje ya wodi kuvuta, akarudi kumshika mkono kwa vidole vinavyonuka moshi. Siku ya maziko aliacha. Sigara zenyewe aliendelea kuziuza, na majirani hawakumwachia hapo: mbona unauza usichokula? Alijibu kwamba mtu mzima akija kwa miguu yake, shauri lake. Mtoto, hapana. Kama jibu hilo lina tundu, basi lina tundu, yeye hakudai kuwa mtakatifu.

Basi mwenyekiti akaja. Clemens ni mtu wa watu. Alihangaikia bomba la maji likafika mtaani, na msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kubeba viti. Alisimama mbele ya kibanda akitabasamu kama anayekuja kumaliza jambo dogo.

"Mama Nestory," alimwambia Stefania kwa jina la mwanawe, "mtoto havuti. Katumwa tu."

"Nani anakuwashia?"

Clemens alicheka. Alisema goti lake linamsumbua, jikoni moto upo, na mtoto yupo. Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama anayeeleza kwamba mtoto humletea maji ya kunawa. Stefania alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimuuzia zile sigara mbili, maana alikuja kwa miguu yake, kisha akapanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangika.

Kesho yake alifunga kibanda akamfuata Jane ofisini. Alitaka kusikia sheria inasemaje kuhusu mtoto anayewasha. Jane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba mambo anayoyasimamia yeye ni ya kuuza, ya matangazo, na ya kuvuta sigara mahali pa watu wengi. Jikoni kwa mtu hawaingii. Stefania akauliza kuhusu sigara za umeme, vile vijibomba vyenye harufu ya matunda, ambavyo vijana wa mjini wanavipuliza mchana kweupe. Jane akasema hivyo navyo anaulizwa kila siku, na maelekezo bado hajaletewa.

"Kwa hiyo sheria inaishia kwenye meza yangu," Stefania alisema.

"Ndiyo, mama," Jane alijibu, na alionekana kuona aibu.

Aliondoka akiwa na hasira na watu wote. Alimkasirikia Jane kwa upole wake, na waliotunga sheria kwa kuusahau moto wa jikoni, kana kwamba wao hawakuwahi kuwa watoto wa mtu. Alimkasirikia baba yake aliyelala kaburini Matai, naye hajibu.

Haikupita wiki akaitwa barazani kwa mwenyekiti. Clemens alikaa na wajumbe wawili, Mzee Alphonce na Mama Justina. Mashauri yalikuwa mawili: kwanza, Stefania anawavunjia watu heshima kupitia watoto wao, na pili, kibanda chake kimesogea mno barabarani, na huenda kikalazimika kuondolewa. La pili lilitajwa polepole ili alisikie vizuri. Kibanda hicho ndicho kinachomlisha, sasa kinalisha na watoto wa Fabiani. Kila mtu pale alilijua hilo.

Mzee Alphonce alizungumza kirefu kuhusu malezi na heshima. Katikati ya maneno hayo Clemens alitoa sigara mfukoni, akainyoosha pembeni bila kugeuza shingo.

"Coleta."

Mtoto akatoka ndani, akaipokea, akageuka kuelekea jikoni. Hakuna aliyemtazama. Mzee Alphonce hakukatiza hata sentensi yake.

Stefania aliinuka. Alimfikia Coleta mlangoni, akaitoa sigara mkononi mwake taratibu, akamwambia akae. Kisha akaingia jikoni mwenyewe. Mama wa mtoto, Lucia, alikuwa akipika ugali, akashangaa kumwona mwanamke wa umri ule anachuchumaa kwenye mafiga yake kama binti mdogo. Stefania alikinga kiganja, akainamia kaa, akavuta. Akavuta tena mpaka ncha ikawa nyekundu.

Alirudi barazani, sigara ikifuka, kichungi kimelowa mate yake. Akapiga magoti mbele ya Clemens, mtu aliyezaliwa nyuma yake kwa miaka mingi, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto anavyompa mkubwa kitu.

"Nimekuwashia, Mwenyekiti. Hivi ndivyo nilivyomfundisha Fabiani. Pokea, uvute."

Clemens aliipokea kwa sababu mkono wake ulishazoea kupokea. Hakuitia mdomoni. Mama Justina alisema, "Inuka, dada." Majivu yakarefuka, yakaangukia suruali ya mwenyekiti, naye hakuyapangusa. Lucia alikuwa ametoka jikoni, amesimama na mwiko mkononi, anamtazama mumewe. Ni yeye aliyemshika Coleta begani akamwingiza ndani, akaufunga mlango wa jikoni. Habari ya kibanda hakuna aliyeirudia.

Stefania hakuagana na mtu. Alitembea kuelekea nyumbani haraka, akilia kwa hasira, akijipangusa mdomo kwa pindo la kitenge. Waliokutana naye walidhani ameshindwa shauri, na hakuwasahihisha. Jiko moja lilikuwa limefungwa mlango, na Izia imejaa majiko. Lakini hilo silo lililomliza. Ule moshi, baada ya mwaka mzima, baada ya Fabiani, ulipoingia kifuani mwake ulikuwa mtamu, na mwili wake wote ulikuwa unauomba tena.