Mkutano Usio na Mgeni Rasmi

Mwanabaraka alianza na hadubini moja chakavu, aliyoinunua kwa nusu ya bei kwenye zahanati iliyofungwa, baada ya kumwonyesha mwenye nayo kila mkwaruzo wa lenzi hadi yule bwana akaona haya kuitetea. Leo ana chumba chake cha maabara ndani ya zahanati binafsi Kimara. Anachojua kuhusu binadamu ni kwamba kila mtu ana anachokitaka, na mara nyingi sicho anachokitaja.

Ndiyo maana alianzisha mkutano wa wataalamu wa maabara usio na ratiba. Mnakuja Jumamosi, karatasi tupu iko ukutani, kila mmoja anaandika linalomsumbua kazini, kisha mnakaa vikundi. Mtoa mada hakuna. Sheria ni moja tu, ya miguu: kikundi kisipokufaa, nyanyuka uende kingine.

Mwaka huu, wa tatu, mwenyewe alikuja na shida. Umeme ulikuwa ukikatika kwa saa nne hata tano, na vitendanishi vyake, dawa za kupimia, vilishamharibikia mara mbili kwenye friji. Mwenye zahanati alisema ikitokea ya tatu, vipimo vitapelekwa maabara nyingine Mikocheni na chumba kitakuwa stoo. Hayo hakuyaandika. Ukutani aliandika tu: FRIJI NA UMEME.

Watu arobaini walikuwa wameshajaa kwenye darasa la shule moja ya Mbagala wakati mwenzake wa kuandaa, Lusungu, alipomvuta pembeni.

"Dada Mwana, usinimeze. Nimemwalika mgeni rasmi."

"Nani?"

"Mzee Nikodemu, yule mstaafu aliyekuwa mkuu wa maabara mkoani. Watu wananiuliza, mkutano gani hauna mgeni rasmi? Kitchen party yenyewe inaye!"

"Ana hotuba?"

"Kurasa kumi na nne."

Mwanabaraka hakupoteza pumzi kumgombeza. Hotuba hiyo ikisomwa mbele, saa sita imefika, watu wanakula pilau wanaondoka, na friji lake linabaki na joto lake. Akaenda getini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Meza kuu iko wapi?"

"Hatuna. Mzee, tusizungushane. Nakupa picha ya pamoja, wewe katikati. Nakupa na kikundi chako, usome hotuba yote, sikukatishi neno. Nawe upokee sheria ya nyumba: anayetaka kunyanyuka ananyanyuka."

Mzee akacheka. "Miaka thelathini na mbili nahutubia, binti yangu. Hajanyanyuka mtu."

"Basi huna cha kupoteza."

Alirudi ndani akijiona ameuza kwa faida. Lakini vikundi vilipotangazwa, watu wote, kwa adabu waliyolelewa nayo, walimfuata mgeni rasmi. Mwanabaraka mwenyewe akajikuta amekaa hukohuko. Kona ya kikundi cha friji ilibaki na viti vitupu.

"Itifaki imezingatiwa," mzee akaanza. Ukurasa wa kwanza ukapita, wa pili. Vichwa vilitikisika kama vinavyotikisika kwenye semina zote, macho yakiwa kwenye simu chini ya dawati.

Hapo ndipo Mwanabaraka alipoona kosa lake. Sheria ya miguu aliiandika yeye, na miaka yote hiyo hajawahi kuitumia. Nani anunue chakula ambacho mpishi hakionji?

Ukurasa wa tatu akanyanyuka. Kiti kikakwaruza sakafu, mzee akainua macho, darasa zima likamgeukia.

"Endelea, mzee. Ila friji langu halisubiri, naenda kulizungumzia pale."

Akatembea hatua kumi, akakaa peke yake. Mzee akasoma aya nyingine. Kisha Bi Mauwa wa Tandika, mwenye miaka ishirini kwenye hadubini, akajifunga mtandio vizuri. "Na langu vilevile. Utanisamehe, mzee." Akafuata mwingine, kisha wanne kwa pamoja. Ukurasa wa tano ulisomewa Lusungu peke yake, naye alibaki kwa aibu tu.

Mzee akakunja karatasi. Akabeba kiti cha mwanafunzi hadi kona ya friji. Watu wakajikunyata.

"Friji lako linajaa?" akamuuliza Mwanabaraka.

"Nusu tu."

"Ndiyo ugonjwa wake. Friji tupu halitunzi baridi. Panga chupa za maji chini na mlangoni mpaka nafasi iishe. Umeme ukikatika usilifungue hata kwa kuchungulia. Weka kipimajoto cha waya, usome kwa nje. Mie wilayani nilikuwa na jenereta ya saa chache kwa siku, miaka tisa, sikutupa kichupa."

Kalamu zikakimbia. Mmoja akabisha, mzee akabishana naye, koti limeshavuliwa.

"Hayo yako ukurasa wa ngapi?" Bi Mauwa akamchokoza.

"Hayapo. Hotuba niliandikiwa."

Pilau ikaja, Mwanabaraka akampelekea sahani kwa mkono wake. "Mzee, tupige ile picha?"

"Subiri kwanza. Huyu wa Segerea hajamaliza swali lake."

Jumatatu alipanga chupa ishirini na mbili. Kesho yake, chupa zikiwa zimeshapoa, saa nne asubuhi umeme ukakatika. Saa nane mwenye zahanati akapita, akanyoosha mkono kwenye mlango wa friji.

"Acha hapo, bosi," alisema Mwanabaraka, akimwonyesha kipimajoto. Nyuzi sita; vitendanishi huharibika zikipita nane. Kisha akaita nje: "Anayefuata!"