Mtama wa Juani na Mkwaju wa Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini, enzi za Mwingereza, Bwana Shamba Mkuu wa Kilwa Kivinje alinikabidhi jembe na utepe wa kupimia, akanituma milima ya Kipatimu nikawaoneshe watu faida ya samadi, yaani mavi ya mbuzi yaliyooza vizuri. Nikasema Bismillahi, nikapanda mlima.

Mjane mmoja, Bi Somoe, alikubali tujaribie mtama kwenye shamba lake. Nilipomwamkia aliitika marahaba, kisha akaniambia, "Mwanangu, hiki ndicho chakula changu cha mwaka. Usinichezee."

Tukatia samadi vipande viwili, kimoja peupe, kingine chini ya mkwaju wake mkubwa, tujue kivuli kinapunguza nini. Mtama ulipochanua, jibu lilikuwa wazi. Wa juani ulikuwa na mabua manene na masuke ya kujaa kiganja. Wa kivulini ulirefuka ukitafuta jua, masuke yake membamba kama kidole. Bwana Mkuu alikuja, akafurahi, akaagiza mkwaju ukatwe. Bi Somoe aliomba tungoje mavuno.

Punje zilipoanza kutia maziwa, ndege wakashuka. Kuamia, yaani kukaa shambani kuwafukuza, ilikuwa kazi ya Bi Somoe. Lakini jua lilikuwa kali, naye akaamia chini ya mkwaju. Kelele zake hazikufika mbali. Bwana Mkuu aliporudi, masuke manene yalikuwa yameliwa karibu nusu, na yale membamba yamesalimika.

"Sasa kivuli ndiyo mbolea?" akauliza.

"Mbolea haifukuzi ndege, Bwana Mkubwa," akajibu Bi Somoe. "Ninayewafukuza ni mimi, na kichwa cha kuchomwa na jua ninacho kimoja. Lete chako tupokezane."

Bwana Mkuu alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile ile tulijenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi, katikati ya mtama wa juani, naye mwenyewe akishika nguzo. Uliobaki ukakomaa salama. Alhamdulillahi, ghala la Bi Somoe lilijaa, na mkwaju haukuguswa.

Baadaye nilihamishiwa Lindi, kisha Sudi. Kila nilikofika, kabla ya kupima samadi, niliuliza kwanza mwamiaji atakaa wapi. Sasa nimestaafu, nalima kidogo nyuma ya nyumba, na wajukuu hushangaa kuniona najenga dungu kabla ya kupanda. Nikimaliza huketi humo, nikimwombea Bi Somoe, Mwenyezi Mungu amjaalie kivuli Siku ya Kiyama, siku isiyo na kivuli ila Chake.