Walituachia Kuta

Kwa miaka minne nimekuwa msimamizi wa nyumba moja ya mtaa wa Niboye, Rwanda, wanamoishi watu tisa waliowahi kulala nje. Ninaishi humo humo, chumba cha kwanza ukipita geti. Serikali ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi, na kutulipa sisi wafanyakazi watatu: mimi, mpishi, na muuguzi aliyekuja kila asubuhi na dawa.

Mmoja wa hao tisa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikulia Burundi, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, akafundisha hesabu mpaka maradhi ya akili yalipomwondoa darasani na baadaye nyumbani kwake. Alipoletwa kwetu alilala sakafuni wiki tatu, kando ya kitanda kilichotandikwa. Muuguzi alisema tumwache. Asubuhi moja nikamkuta yuko kitandani, amejifunika mpaka kidevuni. Baada ya mwaka alikuwa anafundisha wenzake kusoma, sebuleni, kwa chaki na kipande cha mbao. Daftari lolote aliloliona alilisahihisha, hata la kwangu.

Ndiyo maana barua ilipofika nilimpa yeye aisome kwa sauti. Ilisema wakazi wetu wamefikia hatua ya kujitegemea, kwa hiyo kodi itaendelea kulipwa, lakini muuguzi na mpishi wataondolewa mwisho wa mwezi.

Akaikunja. "Kiswahili chake kizuri," akasema. "Lakini hakuna aliyetuuliza."

Kesho yake nikaenda kwenye ofisi ya serikali iliyoituma. Aliyenipokea alikuwa mama mmoja mwenye umri mdogo kuliko wangu, aliyekulia Uganda, mwenye adabu nyingi. Aliniagizia chai kabla hata sijakaa.

"Dada, nyumba si tumewaachia?" akaniuliza.

"Mmetuachia. Dawa atazigawa nani?"

"Kituo cha afya kiko karibu. Watakwenda wenyewe."

"Wangekuwa na uwezo wa kwenda wenyewe, wasingelala nje."

Akafungua faili na kulisogeza upande wangu. Nikaona mwandiko wangu. "Ripoti zako ndizo zilizotusaidia kuamua," akasema, na nadhani alikusudia kunisifu. "Umeandika kwamba tangu mwaka juzi hakuna hata mmoja aliyerudi barabarani. Sasa wamepona. Bajeti iende kwa wenye shida."

Niliinuka. Chai niliiacha pale. Mpaka leo nikikumbuka neno lile, wamepona, damu inanichemka. Mtu anasimama kwa sababu umemshika mkono. Wewe unaona amesimama, unamwachia. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kisu walichotukatia nilikinoa mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, kwa fahari.

Muuguzi akaondoka, mpishi akaondoka. Nikapika mimi, nikagawa dawa mimi, nikisoma maelekezo aliyoniandikia muuguzi kwenye karatasi. Sikusomea kazi ile. Siku moja dada mmoja wa nyumba yetu alianguka kifafa, nikamkimbiza hospitali, nikarudi jioni. Nikamuuliza mwalimu kama amemeza dawa zake.

"Nimemeza," akasema.

Nikamwamini, siku hiyo na siku zilizofuata. Muuguzi asingemwamini, angesimama mbele yake na kikombe cha maji. Jumanne moja, saa sita mchana, mwalimu alitoka getini na hakurudi. Nilipotandua godoro lake nikakuta vidonge vyote, vimefungwa vizuri ndani ya karatasi ya daftari.

Nilimtafuta siku kumi na moja. Niliwauliza watu wa moto, zile pikipiki za abiria, wa Sonatubes, wanaokaa pale njia panda kutwa nzima wakisubiri abiria, na mmoja akanielekeza nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nikamkuta amekaa juu ya boksi lililolowa, hana viatu, midomo imepasuka. Aliponiona akasimama wima na kujipangusa shati.

"Madamu inspekta," akaniambia, "karibu. Watoto wako tayari."

Hakunijua. Nikamwambia nimekuja kuangalia darasa, na twende kwanza ofisini tukasaini. Alinifuata bila ubishi mpaka hospitali. Akalazwa wiki saba. Kitanda kile pia kililipiwa na serikali, pamoja na madaktari wake na chakula chake. Hela ya kumtibu ilipatikana. Ya kumzuia asiugue ndiyo iliyokuwa haipo.

Kwenye mkutano wa wananchi wa mtaa wetu, wakubwa walipoketi mbele kusikiliza kero, nilinyanyua mkono. Sikuzoea kusema mbele za watu.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba hakuna aliyerudi barabarani," nikasema. "Mkakata bajeti kwa maneno yangu. Naomba mwandike na haya: mmoja amerudi. Alirudi kwa sababu mliwaondoa watu, mkatuachia kuta."

Kiongozi mmoja akasema nipunguze hasira. Nikamwambia hasira ninayo kwa niaba ya watu tisa, siwezi kuipunguza bila kuwauliza. Baadhi ya majirani wakacheka. Yule mama wa ofisini alikuwa mstari wa mbele, akiandika, na hakuinua kichwa.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu mwenyewe. Muuguzi angerudi, siku tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Mpishi hapana. "Nimejitahidi, dada," akasema, na namwamini, maana nilisikia uchovu katika sauti yake. Lakini sikuweza kumshukuru kama alivyotarajia. Mtu akikurudishia nusu ya ulichonyang'anywa, unauliza nusu nyingine iko wapi.

Mwalimu amesharudi nyumbani. Anakula, anameza dawa mbele ya muuguzi, na siku nyingine mbele yangu, anasali rozari yake. Kufundisha hafundishi tena. Wenzake walimpelekea chaki, akaitazama tu, akawarudishia.

Mwaka ule mmoja unakaribia kwisha. Yule mama amehamishiwa ofisi nyingine, na aliyeshika nafasi yake ananitaka niombe upya, nieleze kwa nini watu waliokwishapata nyumba bado wanahitaji muuguzi. Nimemwalika Niboye mara mbili aje awaone. Bado hajafika.